Mgongo Wangu na Kikohozi cha Baba Mkwe

Watu wa kwetu wakisikia kifua kikuu wanafikiria kifua. Mimi sikukohoa. Ugonjwa ulinipita kifuani bila kelele, ukaenda kukaa katika uti wa mgongo, ukaula mfupa huku nikilima, nikipika na kunyonyesha. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye mgongo unamuuma sasa hivi, na kila anayemwambia anamjibu kwamba ni kazi tu. Mimi pia niliambiwa ni kazi.

Naitwa Yustina. Nililelewa kambini, Kigoma, upande wa Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza kuandika Kiswahili hiki. Vita vilipokwisha tulipandishwa malori tukarudi Burundi. Nilikuwa nimechumbiwa na Melkiori, kijana ambaye asili ya wazazi wake ni Mwakiro, katika mkoa wa Muyinga. Tulifunga ndoa baada ya kurudi, nikaenda kuishi kwa wakwe zangu, juu ya kilima ambacho Melkiori alikihama akiwa bado anabebwa mgongoni na mama yake.

Shamba lao tulilikuta lina mtu. Jina lake Nyandwi. Alikuwa amelima hapo tangu ujana wake, amezalia hapo na amezika hapo. Wakubwa wa komini, serikali ya pale kwetu, walikuja wakaligawa: nusu yetu, nusu yake. Siku ile baba mkwe na Nyandwi walikunywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, kilima kizima kikishuhudia. Nilifikiri yamekwisha.

Mvua zilizofuata, baba mkwe alianza kukohoa. Akakonda mpaka mbavu zikaonekana juu ya shati. Kwetu mtu akikauka polepole namna ile, watu hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza alikula wapi. Mama mkwe alijibu upesi: alikunywa na Nyandwi. Alikataza mzee asipelekwe popote, akisema sumu haina dawa hospitalini.

Mimi ndiye niliyemuuguza. Kulikuwa na baridi, dirisha tulilifunga kwa gunia. Nilimwinua akikohoa, nilimnywesha uji, na uji aliouacha niliumalizia mimi, kwa sababu chakula hakitupwi. Alikufa ameshika mkono wangu. Baada ya mazishi Melkiori alisimama kwenye mkutano wa kilima akasema mbele ya watu wote kwamba Nyandwi ni mlozi, amemuua baba yake kwa ajili ya shamba. Nyandwi alichukua fimbo yake akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyekaribia kwake, na posa ya binti yake ikavunjika. Sisi hatukuwa tunamsalimia hata tukikutana kisimani.

Mgongo wangu ulianza kiangazi, tukiwa tunavuna maharage. Maumivu yalikuwa sehemu moja, chini kidogo ya mabega, mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki vizuri. Mchana yalivumilika. Nikilala ndipo yaliamka, na alfajiri nguo zangu zilikuwa zimelowa jasho kana kwamba nimevuka mto. Nilikuwa na mtoto, Anjela, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Nikimfunga mgongoni nilihisi kama nimefunga jiwe la kusagia.

"Ni kuzaa huko," alisema mama mkwe. "Mgongo wa mwanamke haurudi kama ulivyokuwa."

Kituo cha afya walinipa vidonge vya maumivu. Nikarudi, wakanipa vile vile. Kisha tukaenda kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Alinilaza kifudifudi, akanipaka mafuta ya mawese, akakanda, akavuta, akanikanyaga kwa kisigino mahali penyewe. Nilipiga yowe mpaka Anjela akaanza kulia nje. Wiki ile ile nyayo zangu zikaanza kufa ganzi. Kandambili ilikuwa ikinivuka bila mimi kujua, nami naendelea kutembea na mguu mmoja mtupu.

Siku moja nikioga, Melkiori alinisugua mgongo, akasimamisha mkono.

"Hapa kuna nini?"

"Wapi?"

Akanishika vidole, akanipindishia mkono nyuma, akanigusisha. Palikuwa na nundu ndogo, ngumu, katikati kabisa ya uti. Nilivaa nguo upesi. Lakini mama mkwe alipoiona alijifunika uso kwa kitenge. "Sasa yule mlozi amekuja kwako," alisema. "Alianza na mume wangu, sasa ni wewe."

Nilianguka mvua za kwanza, tukipanda mahindi. Sikujikwaa. Niliinama kutia mbegu, nikataka kuinuka, na kuanzia kiunoni kwenda chini hapakuwa na mtu. Niliiona miguu yangu, ina udongo, ni yangu, lakini nilipoiamuru haikusikia. Mkojo ulinitoka na sikuuhisi mpaka nilipoona udongo umelowa.

Hakuna gari linalofika pale wakati wa mvua. Mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, kitanda cha kusuka chenye mti mrefu, na wanaume wa kilima hupokezana. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania hatukuwa na watu wengi. Walikuja watatu, na Melkiori wa nne. Njia ilikuwa inateleza, hawakutosha. Ndipo Nyandwi alipotoka kwake, amekunja suruali, akashika mti upande wa mbele bila kuomba ruhusa.

"Mwacheni!" mama mkwe alipiga kelele. "Mlozi, toa mikono yako kwa mtoto wangu!"

Nyandwi hakugeuka. "Utanitukana tukirudi," alisema. "Sasa mgonjwa anatetemeka."

Wakanibeba. Kutoka ndani ya ingobyi niliona kisogo chake njia nzima, na maji ya mvua yakimtiririka shingoni. Melkiori alikuwa nyuma. Walibadilishana bega mara nyingi.

Hospitali ya Muyinga walinipiga picha ya mifupa, wakaitazama, wakasema niende Gitega. Huko Gitega nilifahamu kusubiri ni nini. Sikuweza kukaa kwenye benchi, kwa hiyo Melkiori alinitandikia mkeka ukutani, na kwa siku nzima niliishi chini, nikiwatazama watu miguu. Viatu vya wauguzi vilipita haraka. Viatu vya wagonjwa vilijikokota. Akina mama waliovua viatu na kuviweka pembeni kwa heshima, kama kanisani, ndio waliokaa zaidi. Kila jina lilipoitwa nilijaribu kuinuka kabla sijakumbuka.

Daktari alikuwa mwanamke. Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha. Mifupa ya uti imepangana kama matofali, na kati yake kuna mto laini. Yangu miwili ilikuwa imeliwa mbele, ikalaliana, na mishipa inayopeleka habari miguuni ikabanwa.

"Ni tuberculose," alisema. "Kifua kikuu cha mifupa. Kina dawa. Lakini mmechelewa, kwa hiyo siwezi kukuahidi miguu." Kisha akauliza, "Nyumbani ni nani aliyekohoa?"

"Hakuna," Melkiori alijibu.

Nilimtazama. Aliitazama sakafu.

"Baba mkwe," nilisema. "Alikohoa mwaka mzima. Alikonda, akatema damu, akafa. Mimi nilimuuguza."

Daktari aliandika. Melkiori alifungua mlango akatoka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na tangu hapo hadi aliposhika njia ya Mwakiro, alikobaki Anjela na bibi yake, hakulitaja jambo lile. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba neno moja nililolisema limemtoa Nyandwi hatiani na kumtia yeye.

Walinifunga plasta kuanzia kwapani hadi nyongani. Inapokauka inakuwa ya moto, halafu inakuwa baridi, halafu inakuwa nyumba yako. Chini yake ngozi iliwasha na sikuweza kujikuna. Dada yangu Beata, aliyeolewa Bukirasazi, aliingiza bua la mtama na kunikuna taratibu. Dawa nilizimeza asubuhi, kiganja kizima. Mkojo ukawa wa rangi ya machungwa, hata machozi yakatia doa kwenye shuka. Usiogope ukiona hivyo. Mimi niliogopa kwa sababu hakuna aliyeniambia. Nilitapika, na Beata akajifunza kunipa kwanza kipande cha kiazi ndipo vidonge.

Aibu kubwa ilikuwa choo. Beata alinigeuza, akanisafisha kama mtoto. Nilimtukana. Nilimwambia mikono yake ni mibaya, nilimwambia arudi kwa mume wake. Aliendelea kukamua kitambaa. "Tukana," alisema, "lakini inua mkono nipite."

Kitanda cha pili alilala Bi Hadija, mama wa Kiislamu wa Muyinga mjini, ambaye ukoo wake huuza vitambaa na kushona. Alianguka akienda kutia udhu, kuanguka kidogo tu, na nyonga ikakatika.

"We, usilie hivyo," aliniambia siku ya kwanza, kwa Kiswahili cha kule kwao, kilichochanganywa na Kifaransa. "Mi pia nililia, haikusaidia kitu. Bon, we uko kijana, mufupa yako itashikana. Yangu iko imechoka. Dokta alisema iko na matundu ndani, sawa na mukate."

"Kwa nini iwe na matundu?"

"Uzee. Na kukaa. Mi nilikaa kwenye mashini ya kushona miaka yote, jua sikuona, maziwa nilipatia watoto. Nilifikiri mufupa ni kitu kavu, sawa na mti ya nyumba. Mais ile kitu iko hai, inakula, inapata njaa. Nani alituambia?"

Hakuna aliyetuambia. Kwa hiyo muuguzi alipokuja kusema tule ndagala, wale dagaa wakavu, pamoja na mifupa yake, maharage, mchicha tunaouita lengalenga, maziwa yakipatikana, na tutolewe juani asubuhi, Bi Hadija alimsikiliza kama mwanafunzi. Binti yake alisukuma vitanda vyetu hadi barazani. Huko tuliota jua bega kwa bega, yeye na tasbihi yake, mimi na rozari yangu, tukibishana ni nani anayesumbua zaidi.

Mvua zikakolea. Beata alilazimika kurudi Bukirasazi kupanda, kwa kuwa watoto wake nao wanakula. Binti wa Bi Hadija alinitazama nikimwangalia dada yangu akiondoka na mkoba wake.

"Sufuria ni moja," alisema. "Nitapika ya watu wawili."

Akapika ya watu wawili. Alinisafisha pia, na hakuwahi kuziba pua. Katika yote niliyoyaona hospitalini, hilo ndilo ninalolishukuru zaidi. Bi Hadija aliondoka kabla yangu. Nyonga ilikataa kushika, akaanza kupumua kwa shida, na wanawe wakaamua afie kwao. Walipomtoa kwa machela alinyoosha mkono, hakufika, nami ndani ya plasta sikuweza kumsogelea. Nilisikia baadaye kwamba alizikwa kabla mwezi haujaandama.

Melkiori alikuja kiangazi kifupi, wakati mvua zinapopumzika. Alikuja kwa baiskeli kutoka Mwakiro, amepauka vumbi. Nilimuuliza habari za mtoto kabla hajakaa.

"Anakohoa," alisema.

"Anjela?"

"Na Mama pia. Mama alianza zamani, alikuwa anatuficha."

"Umewapeleka kupima?"

"Mama anakataa. Anasema daktari wa Gitega amemtukana marehemu. Anasema akienda kupima, atakuwa amesema kwa mdomo wake kwamba Nyandwi hakufanya kitu."

"Na wewe?"

Alishika ukingo wa kitanda. "Yustina, ni mimi niliyesimama mkutanoni. Si Mama. Mimi."

"Mpeleke mtoto," nilisema. "Hata kama itabidi umfungue mgongoni kwa mama yako akiwa amelala. Mpeleke."

"Watauliza nani mwingine alikohoa."

"Basi utajibu. Mimi nilijibu. Mimi hata miguu sina, na nilijibu."

Aliondoka bila kuniaga vizuri. Kisha hakukuwa na habari. Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kuliko sindano na kuliko plasta: kulala chali, kutazama bati, kutojua kama mtoto wako anakunywa dawa au anakauka kama babu yake. Sikuweza hata kuzunguka chumba. Nilijaribu kusali nikashindwa, nikawa nahesabu misumari ya bati.

Katika siku hizo hizo kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Muuguzi aliniambia nijaribu tena, kikasogea tena. Wanawake wa wodi walipiga vigelegele. Mimi nililia kwa hasira, kwa sababu nilitaka habari ya Anjela na Mungu alikuwa amenipa kidole.

Habari zilikuja kwa mdomo wa mtu wa Mwakiro aliyemleta mgonjwa wake: Anjela amepimwa, anakunywa dawa, ameanza kunenepa. Melkiori amempeleka mwenyewe, mchana, njia kuu, mbele ya macho ya mama yake. Mama mkwe hajampikia mwanawe tangu siku hiyo.

Nilirudi nyumbani mvua kubwa zilipokwisha, nikiwa na mkanda mgumu mahali pa plasta na fimbo mbili. Nimekuwa mfupi. Kitenge nilichokuwa nakifunga hadi kifundoni sasa kinaburuta. Nundu imebaki, inaonekana hata chini ya sweta, na watoto wa kilima waliiga mwendo wangu mpaka wakachoka. Anjela alinitazama, akamkimbilia bibi yake, akamwita mama. Sikumlaumu. Ilichukua kiangazi kizima kabla hajakubali kulala kwangu.

Mama mkwe nilimkuta kitandani, katika chumba kile kile cha mzee. Jambo la kwanza nililofanya ni kuling'oa gunia dirishani, hewa iingie. Nilimwambia, "Mama, dawa zipo. Mimi nilikuwa nimelala, sasa nimesimama. Niangalie."

"Nakuona," alisema. "Umepinda."

"Nimepinda, lakini nipo."

Alikubali mwishoni, alipokuwa hana tena nguvu ya kukataa. Melkiori na majirani walimpeleka, akaanza vidonge. Vilimkuta amebaki mifupa. Nilimlisha nikiwa nimesimama, kwa sababu siwezi kuinama, na yeye alinyanyua shingo kufuata kijiko. Alikufa kabla ya mahindi kukomaa. Hakuwahi kulitaja jina la Nyandwi, si kwa kutukana wala kwa kuomba radhi.

Siku ya kuondoa matanga, watu wakiwa wamekaa uani, Melkiori alisimama. Alisema baba yake aliuawa na kifua kikuu. Mama yake pia. Alisema mke wake na mtoto wake waliambukizwa humo humo ndani ya nyumba, na kwamba yeye alimsingizia mtu mbele ya watu, kwa hiyo anayakana maneno yake mbele ya watu. Nyandwi alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na migomba. Kila mtu alimgeukia.

Alishusha kinywaji chake.

"Nimesikia," alisema. "Binti yangu alikuwa na mchumba. Sasa mchumba ana watoto na mwanamke mwingine. Hayo nitayaweka wapi?"

Alimaliza kinywaji chake, akaaga kama inavyopasa, akaenda zake. Nilikuwa nimetarajia wakumbatiane, kama wanavyotuhubiria kanisani. Melkiori alibaki amesimama pale mpaka nikamvuta shati akae.

Dawa zangu nilizimaliza. Silimi tena kwa jembe, sibebi ndoo kichwani. Napalilia nimekaa, nachambua maharage, nashona kidogo. Baridi ikija mgongo unauma, na utauma mpaka nizikwe, daktari ameniambia wazi. Asubuhi nakaa juani na Anjela, tunakula ndagala na vichwa vyake. Mtu akinipa maziwa sikatai tena kwa adabu.

Msimu wa kupanda uliopita, asubuhi, nilimwona Nyandwi amesimama mlangoni kwetu. Hakuingia. Nyuma yake alikuwa mke wake, Gaudensia, amejishika kiuno.

"Mke wangu anaumwa mgongo," alisema, akitazama pembeni. "Kituoni wamempa vidonge, wakarudia vile vile. Nimesema wewe labda unajua."

Melkiori alitoka nje akasimama na mwenzake. Mimi nilimwingiza Gaudensia ndani, akashusha nguo mpaka kiunoni, akanigeuzia mgongo. Mikono yangu ilikuwa baridi, nikaisugua kwanza. Kisha nikaanza shingoni, nikigusa mfupa mmoja baada ya mwingine, nikishuka taratibu. Alishusha pumzi kila nilipopita. Chini ya mabega kidole changu kilipanda juu ya kitu, kidogo, kama punje ya mahindi chini ya ngozi, naye akaruka kwa maumivu.

"Ipo?" aliuliza.

"Ipo."

Alianza kulia bila sauti. Nikamzungukia mbele, nikamshika mikono.

"Nyayo zako unazisikia? Kandambili hazikuvuki?"

"Nazisikia."

"Basi bado unatembea," nilimwambia. "Vaa. Tunaondoka sasa hivi, na mimi ninakuja."